Likizo ya Mti wa Chai

Safu hii imezoea kuzungumzia kazi: kazi ya shamba, kazi ya ofisi, kazi ya chama na kazi ya kuyalinda yale ambayo waliotutangulia waliyapata kwa jasho. Leo tunaomba radhi tuzungumzie kupumzika. Tunajua kwamba kwa baadhi ya viongozi wenzetu neno hilo lina harufu ya uvivu, na kwamba mtumishi anayesema anakwenda likizo huulizwa hapo hapo anakwenda kutibiwa nini au kumzika nani. Ndiyo maana tumeona tuandike.

Kwanza hatuna budi kukiri kosa letu wenyewe. Watumishi wengi wa umma hulipiwa nauli ya likizo, wao na familia zao, kwa utaratibu uliowekwa na waajiri. Kwa miaka mingi tulizipokea fedha hizo, tukatia saini, na hatukwenda popote. Nauli ya mwaka mmoja imelala juu ya paa la nyumba yetu ikiwa ni mabati 18. Ya mwaka mwingine ni mlango wa uani. Hatudhani kwamba tuko peke yetu. Tukipita mitaani Unguja, ziko nyumba nyingi ambazo tukizitazama vizuri tunaweza kuhesabu ukutani likizo za mwenyewe ambazo hakuzipumzika.

Safari hii aliyetulazimisha kusafiri ni mama yetu mzazi.

Sisi ni watu wa Lisekese, Masasi. Tulisoma Kurani chuoni, chini ya mwembe, kabla hatujaandikishwa darasa la kwanza katika skuli ya Serikali, na kazi ndiyo iliyotuvusha bahari mpaka Unguja, ambako sasa tuna watoto watatu walioijua korosho kwanza ndani ya pakiti. Masasi na visiwa hivi si wageni kwa wageni. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka Unguja na kundi la watumwa waliokombolewa, akaelekea nao kusini ya bara, na wengi wao wakaweka makazi Masasi chini ya yale majabali makubwa. Kwa hiyo mtu wa Lisekese anapopanda boti kuja Unguja, anafuata njia ambayo nyayo zake ni za zamani, ingawa siku zile zilielekea upande mwingine.

Mama ni mkulima wa mikorosho na umri wake umepita miaka 70. Sisi ni Wayao, na kwetu ukoo ni wa mama. Mwenye ukoo ni mjomba. Mjomba wake mama, ndugu pekee wa kiume wa bibi yetu, aliondoka Masasi katikati ya miaka ya 1950 kwenda kuwa manamba Tanga. Vijana wa leo huenda hawalijui neno hilo. Manamba walikuwa vibarua waliochukuliwa kwa mkataba kutoka mikoa ya mbali, kila mmoja akatambuliwa kwa namba yake, wakapelekwa katika mashamba ya mkonge na mengineyo. Na tangu mwaka 1944 palikuwa na ofisi maalumu ya wenye mashamba ya mkonge, iliyojulikana kwa jina la SILABU, ambayo kazi yake ilikuwa ni kuwatafuta watu hao na kuwasafirisha. Kila mmoja alikuwa na kadi ya kipande yenye nafasi ya siku 30 za kazi. Ikijaa, ndipo mshahara.

Wazee wetu husimulia kwamba mjomba huyo alikwenda kwa miguu hadi Lindi na huko akapanda meli. Barua yake ilifika mara moja tu, imeandikwa kwa mkono wa mtu mwingine, ikieleza kwamba ameuacha mkonge kwa sababu miiba imemwumiza jicho, na kwamba sasa yuko juu milimani, kwenye chai, mahali panapoitwa Amani, na kwamba baridi ni kali. Haikufika nyingine. Uhuru ukaja mwaka 1961, wengine wakarudi, yeye hakurudi. Bibi yetu alifariki akiwa bado hajamwekea matanga, maana hamzikwi mtu kwa kukisiwa.

Kila tulipokwenda Lisekese, mama hutuuliza kama huko Amani kunafikika. Nasi kila mara tulimjibu kwamba ni mbali. Aliposema safari ya mwisho kwamba yeye naye anakaribia mbali, tuliona haya.

Ilikuwa mwezi wa Juni, skuli zimefungwa. Mama alituwekea sharti moja. Juni ndiyo miezi ya kupulizia mikorosho salfa, dawa ya kuzuia ule ugonjwa wa ubwiriunga unaoyakausha maua, na mipulizo hiyo hupishana kwa kiasi cha wiki mbili. Angeondoka kesho yake baada ya mpulizo wa kwanza, na siku ya mpulizo wa pili iwe imemkuta shambani kwake. "Mkorosho umenipa siku kumi na nne," alisema kwa simu. "Msizimalize njiani."

Alipanda basi alfajiri na kufika Dar es Salaam usiku. Safari hiyo kwa watu wa Kusini si jambo dogo. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, mtu aliweza kukwama Rufiji akisubiri kivuko mpaka embe alizobeba zikaoza, na nyakati za masika barabara ilikatika kabisa. Sisi tulivuka kutoka Unguja tukamkuta kwa jamaa, na siku ya pili tukashika njia ya Tanga sote: mama, mwenzetu wa nyumbani, na watoto watatu.

Katika mji mmoja wa njiani tulikusudia kulala katika nyumba ya wageni ya umma. Jina lake tunalihifadhi, kwa kuwa nia yetu si kumwaibisha mtu. Karani alikuwa kijana mwenye adabu. Alifungua daftari akatuuliza tumekuja kwa semina gani. Tulipomjibu kwamba tumekuja kupumzika, alitazama safu ya daftari lake lenye mahali pa kuandika "kazi", "mkutano", "utafiti" na "utalii", akahangaika. Utalii ulikuwa na bei ya mgeni wa nje. Kupumzika hakukuwamo. Baada ya kusubiri kwa muda mrefu mkubwa wake asiyepatikana kwa simu, tulikwenda kulala gesti ya uchochoroni, watoto watatu kitanda kimoja. Tunawaomba wahusika, popote walipo na daftari kama lile, waongeze safu moja. Wino ni rahisi.

Muheza ni mji wa machungwa na mkonge. Kutoka hapo kwenda Amani ni kiasi cha kilomita 30 na kidogo, barabara ya udongo, na gari lilipita kijiji kiitwacho Kisiwani. Watoto wetu wa kisiwani walipoona jina hilo wakachungulia dirishani kutafuta bahari. Hakuna bahari, kuna mashamba, mito midogo na mlima umesimama mbele kama ukuta. Kidogo mbele ni Sigi, ambapo siku za Wajerumani reli ndogo kutoka Tengeni ilikuwa ikifika kuchukua mbao. Reli imekwisha kung'olewa zamani. Baada ya Sigi gari huanza kupanda kwa kona zinazorudi nyuma, na kila kona mama alishika bega la mjukuu wake wa kiume, ambaye kwa utani wa kwetu humwita mume wake, akimwambia, "Mume wangu, kama tukianguka, wewe mbele."

Ghafla joto likakatika. Ukungu ulishuka juu ya barabara, mweupe, mzito, na dereva akawasha taa saa nane mchana.

Amani iko kiasi cha mita 900 juu ya usawa wa bahari, katika milima ya Usambara Mashariki. Wajerumani walianzisha hapo kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902, wakapanda mimea kutoka kila pembe ya dunia kuona ipi itawafaa. Chai ya kwanza katika Tanganyika ilipandwa hapo, na miaka miwili baadaye, 1904, Kyimbila katika Rungwe. Vita Vikuu vya Kwanza vilipokuja na manowari za Waingereza zikaifunga pwani, kituo hicho ndicho kilichotengeneza kwinini kutokana na miti yake chenyewe, na sabuni, na vitu vingine vya kuwawezesha kuendelea na vita. Waingereza walipachukua mwaka 1916. Mwishoni mwa miaka ya 1940 utafiti wa kilimo ulihamishiwa Muguga, Kenya, na majengo yakapewa watafiti wa malaria. Msitu wenyewe ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997.

Lakini milima hii haikuwa ya utafiti tu. Ilikuwa pia mahali ambapo watawala walikimbilia kuponya miili yao. Ng'ambo, katika Usambara Magharibi, Lushoto waliiita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao, na hata baada yao ofisa wa Kizungu aliyechoshwa na joto la pwani alijua pa kwenda: juu, kwenye moto wa kuni, blanketi na chai. Nyumba zao zenye mabomba ya moshi bado zipo. Kuhusu watu waliozibeba samani zao kupanda nazo milimani, hatukuona kibao chochote.

Tulipanga vyumba viwili kwa mwananchi mmoja, mjane mwema, ambaye alituandalia magimbi na maharage na chai yenye iliki ya shambani kwake. Hapa msomaji wa visiwani atuvumilie kidogo. Huko Usambara Mashariki wananchi hulima iliki, mdalasini, pilipili manga na hata karafuu. Ndiyo, karafuu, na haina kasoro. Iliki ililimwa sana chini ya miti ya msitu, ikasababisha ugomvi wa muda mrefu na wahifadhi. Upande wa Derema wakulima waliondolewa mashamba yao ya iliki ili msitu uungane, wakafidiwa, na habari ya fidia hiyo bado ni hadithi ya kila jioni. Hatukuwa tumekwenda kuamua kesi, kwa hiyo tulisikiliza tukanywa chai.

Kilichomshangaza mama zaidi ya yote hakikuwa chai wala baridi, bali maji. Alipokuwa msichana aliwahi kukaa Newala kwa jamaa. Newala nako ni juu, nako kuna ukungu wa asubuhi. Mtu akisimama pale panapoitwa Shimo la Mungu huona bonde la Ruvuma limejaa wingu chini ya miguu yake. Lakini uwanda ule wa Makonde ni mchanga, hunywa mvua yote, na wanawake waliteremka genge kwa saa kadhaa kufuata ndoo moja ya maji na kupanda nayo. Mradi wa maji wa Makonde ulianza miaka ya 1950, na bado shida haijawahi kuwaacha kabisa. Sasa Amani, ambako hunyesha zaidi ya milimita 1,800 kwa mwaka, maji yalikuwa yakitiririka kando ya barabara bila mwenyewe. Mama aliinama akayatazama. "Haya yanakwenda wapi?" Tukamweleza kwamba yanaingia Mto Zigi, na Zigi unaingia bwawa la Mabayani, na watu wa Tanga mjini ndio wanaoyanywa. Alinyamaza. Kisha akamwagiza mjukuu alete kikombe, akateka, akanywa, ingawa nyumbani tulikuwa na ndoo imejaa.

Siku ya tatu ukungu uliinuka saa nne asubuhi, tukaenda mashambani kutazama chai. Watoto walitazamia miti. Chai, kama wasomaji wengi wa pwani wasivyojua, ikiachwa huwa mti kamili; ni mikono ya wachumaji na visu vya kupogolea vinavyoiweka kimo cha kiuno, imesawazishwa kama meza iliyotandikwa kitambaa cha kijani mpaka mwisho wa mlima. Huchumwa majani mawili na chipukizi lake. Kilo 4 na nusu hivi za majani mabichi hutoa kilo 1 ya chai kavu. Jani likishachumwa haliwezi kungoja: lazima lifike kiwandani katika muda wa saa chache, linyaushwe, lisagwe, lichachuke, likaushwe, ama sivyo linaoza kikapuni. Na pale lilipochumwa, baada ya wiki moja au mbili jipya limekwisha chomoza. Miezi ya baridi hupungua, lakini halikomi.

Mama alisimama kwa muda akiwatazama wachumaji, wengi wao wanawake, wamejifunga nailoni kiunoni kwa sababu ya umande, mikono inakwenda bila kutazamwa. Alimsogelea mmoja aliyekuwa pembezoni, katika shamba dogo la mkulima. Dada yule alimwamkia shikamoo, mama akaitikia, akampa pole na kazi, kisha akamwuliza swali ambalo lilikuwa likimsumbua.

"Mwanangu, mti huu hupumzika lini?"

Dada alicheka. Alijibu kwamba mti hupumzika. Kila baada ya miaka mitatu au minne hukatwa, ukabaki kisiki, na kwa miezi kadhaa hauguswi mpaka urudishe nguvu. "Na wewe?" mama akauliza. "Mimi nahamia kipande cha pili, mama. Hawakati vyote pamoja."

Ndugu wasomaji, hapo ndipo tulipojifunza jambo ambalo katika vitabu vyetu vyote vya siasa ya kilimo hatukuwahi kulisoma kwa uwazi huo. Huwa tunasema "mkulima" kana kwamba ni mtu mmoja. Mkulima wa korosho ana kazi ya kuvunja mgongo, lakini anayo kalenda: anapalilia, anapulizia, anaokota kuanzia Septemba au Oktoba mpaka Desemba, anapeleka ghalani, na tangu msimu wa 2007/2008 anangoja mnada wa stakabadhi ghalani, akilalamika. Kisha kuna miezi ambayo mkorosho haumwiti. Ndiyo miezi ya jando na unyago, ya arusi, ya kutembeleana. Mkulima wa karafuu naye, hapa kwetu, ana msimu wake. Pemba skuli zimewahi kufungwa ili watoto wasaidie kuchuma, na ukipita msimu mkarafuu hunyamaza, mwaka mwingine ukakataa kabisa kuzaa. Utamaduni wetu wote wa pwani na wa Kusini umejengwa juu ya kunyamaza huko kwa miti. Chai hainyamazi. Nyumba iliyopanda chai imefunga ndoa na mti unaoita kila wiki, mwaka mzima, na mkulima akipuuza wito mara mbili jani linakomaa, kiwanda kinalikataa.

Tulimwuliza dada yule alipata kusafiri lini. Alifikiri. Alikwenda Tanga mwaka ambao mtoto wake alilazwa hospitali.

Wako watakaosema kwamba sheria ipo, na ni kweli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa wa Tanzania Bara aliyetimiza miezi 6 kazini likizo ya mwaka ya siku 28 yenye malipo. Ni sheria njema na chama chetu kinayo haki ya kujivunia. Lakini dada yule hana mwajiri. Shamba ni lake, robo tatu ya eka, na hakuna sheria inayoweza kumwambia mtu ajipe likizo yeye mwenyewe. Likizo anayoijua mkulima mdogo wa chai ni moja tu, ile ya kiwanda kufungwa. Siku ukungu ulipotoka kabisa tulionyeshwa, ng'ambo ya bonde la Lwengera, milima ya Bumbuli, ambako kiwanda cha Mponde kilifungwa mwaka 2013 kwa mgogoro. Kwa miaka kadhaa wakulima wa huko hawakuwa na wa kumwuzia. Chai ikakua ikawa miti. Watu walipumzika, lakini kwa njaa.

Hata hivyo tulipata kujua jambo lenye manufaa, na tunalieleza hapa kwa ajili ya maofisa wa ushirika na wa kilimo wanaosoma safu hii. Tulimwuliza dada ilikuwaje alipojifungua. Alisema majirani walimchumia. Walipeana zamu, kila mmoja akachuma mzunguko mmoja katika shamba lake baada ya kumaliza la kwake, wakapima kwa jina lake, na fedha wakamletea. Hufanya hivyo kwa uzazi na kwa msiba. Kwa nini wasifanye kwa mapumziko? Alitutazama kana kwamba tumesema jambo la aibu. "Mtu mzima, hana ugonjwa, hana msiba, atawaambia nini wenzake?"

Hapo ndipo pana kazi, na kazi hiyo haihitaji bajeti kubwa. Vyama vya msingi vya wakulima wa chai vinaweza kuweka zamu ya aina hiyo kwenye daftari, kila nyumba ikajua kwamba wiki mbili fulani za mwaka majirani watachuma kwa jina lake, nayo italipa deni hilo kwa zamu yake. Desturi ipo tayari. Inakosa ruhusa ya kutumika kwa mtu aliye mzima. Viongozi wa vijiji wakianza wao kwenda likizo mchana kweupe, bila kusingizia mgonjwa, aibu itapungua. Na sisi wa maofisini, ambao likizo tumepewa na sheria pamoja na nauli juu yake, tukiendelea kuigeuza mabati, tutakuwa na uso gani wa kumwambia mchuma chai kwamba kupumzika ni haki yake?

Tumejitenga kidogo na mjomba. Turudi.

Mjane aliyetupangisha alitupeleka siku ya tano kwa mzee mmoja aliyezaliwa katika kambi ya wachumaji. Baba yake naye alikuwa mtu wa kuja, kutoka Njombe. Mama alimtajia jina la mjomba, na habari ya jicho. Mzee hakumjua, na hakujifanya kumjua, jambo ambalo tulimshukuru kwalo. Alieleza kwamba watu wa Kusini walikuwapo wengi, Wayao, Wamakua, Wamakonde, kila kundi na safu yake ya vibanda. Kwamba majina waliyoitwa kazini mara nyingi hayakuwa yale waliyopewa na mama zao. Na kwamba baridi iliwaua wengi kwa kifua, maana walikuja na shuka moja. Akatuongoza kwa miguu, mwendo wa kama nusu saa, mpaka pembezoni mwa msitu, penye mafungu ya mawe yaliyofunikwa na majani. Hapana kibao wala jina. Waislamu, alisema, ni wale waliolazwa kuelekea huku.

Tulisimama pale. Ukungu ulikuwa umerudi, na matone yalidondoka kutoka mitini kana kwamba mvua inanyesha mahali pale tu. Tulitaka kusema neno, kama ilivyo desturi ya watu wa majukwaani, na kwa bahati njema hatukulipata. Mama alisoma Fatiha, nasi tukaitikia. Mtoto wetu mdogo aliuliza ni lipi kaburi la babu. Mama akamjibu, "Yote." Kisha akauliza saa ngapi gari la Muheza hushuka kesho kutwa, kwa kuwa alikwisha hesabu siku zake na zimebaki chache.

Watoto walizitumia siku zilizobaki kama watoto. Waliona vinyonga wenye pembe, wakaona yale maua madogo ya urujuani ambayo mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyapeleka kwao na ambayo sasa huuzwa katika vyungu duniani kote, na mkubwa akauliza kama watu wa Amani hulipwa kitu kwa ajili yake. Hatukuwa na jibu la kumridhisha. Mwenzetu wa nyumbani alilala mchana kila siku, mara ya kwanza tangu tumwoe. Tunaliandika hili kwa ruhusa yake.

Mama alirudi Lisekese siku ya kumi na mbili, akiwa amebeba pakiti sita za chai na kifurushi cha iliki aliyopewa na mjane, na kesho yake asubuhi alikuwa chini ya mikorosho na kijana wa kupulizia salfa. Mwezi wa Agosti alituita. Tulikwenda wote, kwa nauli ya likizo. Hitima ya mjomba ilisomwa uani kwake baada ya sala ya adhuhuri, miaka zaidi ya 60 tangu barua ile, na jina lake likatajwa kwa ukamilifu wake, lile alilopewa na mama yake. Watu walikuwa wengi kuliko vikombe. Chai ilipikwa katika sufuria kubwa ya arusi, kwa majani ya Amani na iliki ya Amani, na mama mwenyewe ndiye aliyesimama akiimimina.